Kidonda Kisichopewa Nafasi ya Kupona: Tukinge Saratani ya Koo, Tumbo na Utumbo

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini tega sikio, kwa sababu mengi tutakayosema leo yanahusu sufuria, kikombe na sahani.

Leo tunazungumza kuhusu njia ya chakula, yaani safari ambayo chakula husafiri kutoka mdomoni, kupitia kwenye umio, kuingia tumboni, kupita kwenye matumbo hadi haja kubwa inapotoka. Tutazungumza hasa kuhusu saratani zinazoishambulia njia hiyo. Wengi wetu huogopa hata kulitaja jina hilo. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mama anastahili kulijua, nalo linaleta matumaini: nyingi kati ya saratani hizi hazizuki kwa siku moja. Hutanguliwa na kidonda au uvimbe wa ndani uliodumu miaka mingi bila kupewa nafasi ya kupona. Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu ya kuzuia.

MWILI UNAVYOJITIBU, NA UNAVYOCHOKA

Mtoto akianguka na kuchubuka goti, unaona nini? Goti huwa jekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili, yaani seli nyeupe za damu. Zimekimbilia mahali palipoumia ili kuua viini, kuondoa uchafu na kuanza matengenezo. Wataalamu huiita hali hiyo mchochota. Ni jambo jema. Baada ya siku chache goti hukauka, ngozi mpya huota, na askari hurudi kambini.

Sasa fikiria mtoto huyo akianguka kwenye goti lile lile mara tatu kila siku, kwa miaka ishirini. Goti halitapona kamwe. Askari hawatarudi kambini. Huo ndio mchochota sugu. Tofauti ni kwamba ukiwa ndani ya umio au tumbo huuoni kwa macho, na mara nyingi hausikii maumivu makali. Unazoea.

Mchochota sugu hudhuru kwa njia mbili. Kwanza, askari hao hutumia kemikali kali kuua viini. Zikitumika kwa siku chache hakuna neno. Zikimwagwa kila siku, huanza kuunguza hata seli zenye afya zilizo jirani. Pili, seli zinazokufa lazima zibadilishwe na mpya, kwa hiyo mwili huzalisha seli haraka haraka bila kupumzika. Kila seli inapojigawa hunakili maagizo yanayoiongoza. Unamjua mwanafunzi anayeharakishwa kunakili ubaoni kabla mwalimu hajafuta? Hukosea herufi hapa na pale. Seli nazo hukosea. Makosa mengi mwili huyarekebisha, au seli yenye kosa hufa. Lakini baada ya miaka mingi, seli moja inaweza kukusanya makosa yanayoifanya igawanyike bila kukoma. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Wazo hili si geni. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alilieleza mwaka 1863, alipoona seli nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani. Tangu hapo utafiti umezidi kuonyesha kuwa hakukosea.

Tafadhali nielewe vizuri. Sisemi kwamba kila kidonda cha tumbo kitageuka saratani. La. Watu wengi wenye vidonda hawatapata saratani kamwe. Wala si kila saratani huanza kwa mchochota. Ninachosema ni kwamba tukipunguza majeraha yanayorudiwa rudiwa, tunapunguza hatari.

UMIO NA KIKOMBE CHA CHAI

Tuanze juu. Umio ni mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Watu wengi wakisema saratani ya koo, huwa wanamaanisha saratani ya umio. Hapa Kenya ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi. Kuna ukanda mrefu wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia kupitia kwetu hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Huko Bomet, katika Bonde la Ufa, madaktari wamewatibu hata vijana ambao hawajafikisha miaka 30, ilhali kwingineko ni ugonjwa wa wazee.

Sababu yake si moja. Lakini kuna moja inayoanzia jikoni kwako, nayo ni joto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za selsiasi, huenda kunasababisha saratani ya umio. Sikiliza kwa makini: shirika hilo halikulaumu majani ya chai. Lililaumu moto. Chai, kahawa, uji, hata maji matupu, vyote ni sawa vikiwa vinaunguza.

Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi Eldoret walichapisha matokeo yao. Walilinganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio na ugonjwa huo. Waliosema hunywa vinywaji vikiwa vya moto sana walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara tatu ya wale wanaokunywa vikiwa vimepoa kiasi. Na si kwetu pekee. Golestan, kaskazini mwa Iran, ni mahali pengine ambapo saratani hii ni nyingi na chai hunywewa kutwa nzima. Matokeo yaliyochapishwa huko mwaka 2009 yalionyesha kuwa wanaokunywa chai kabla ya dakika 2 kwisha tangu kumiminwa walikuwa katika hatari ya zaidi ya mara tano kuliko wanaosubiri dakika 4 au zaidi. Dakika chache tu, mama.

Sasa tazama chai yetu ya Kenya. Watu wa nchi nyingine hutia maziwa baridi kikombeni, na chai hupoa. Sisi huchemsha maji, majani na maziwa pamoja mpaka vinafura, kisha tunamimina kwenye chupa ya chai inayohifadhi moto saa nyingi. Mgeni akifika, anapewa ikiwa inatoa moshi. Akiacha ipoe, tunamuuliza kama haipendi! Naye, ili asiunguze ulimi, hufyonza kwa sauti na kumeza haraka. Ulimi umepona, lakini moto umeshushiwa umio, ambao hauna sauti ya kulalamika. Kesho asubuhi ni vivyo hivyo, saa nne vivyo hivyo, jioni vivyo hivyo. Lile goti linaanguka tena.

Ufanye nini? Huna haja ya kipimajoto. Mimina chai au uji, kisha ngoja angalau dakika 5. Kama kikombe ni kikubwa au kimefunikwa, ngoja zaidi. Unaweza kuuhamisha kutoka kikombe kimoja hadi kingine kama mama zetu walivyofanya, au kuongeza maziwa yaliyopoa ambayo yamekwisha kuchemshwa. Kanuni ni rahisi: kama inakulazimu kupuliza au kufyonza, bado haijawa tayari kunywewa. Na kwa mtoto, uji uwe wa kupimwa nyuma ya mkono wako kabla haujafika mdomoni mwake. Mtoto anayezoea chai ya vuguvugu atakuwa mtu mzima anayekunywa chai ya vuguvugu.

Joto si adui pekee wa umio. Pombe mwilini hugeuka kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo huharibu seli. Chang'aa na busaa vilihusishwa na saratani ya umio katika utafiti wa Eldoret, na pombe ya chupa ya dukani pia si salama. Sigara huongeza hatari, na mtu anayevuta na kunywa pombe kwa pamoja hujiweka katika hatari kubwa zaidi kuliko anayefanya moja. Ugoro na tumbaku ya kutafuna haviko salama kwa sababu tu havina moshi. Moshi wa kuni katika jikoni lisilo na dirisha una baadhi ya kemikali zile zile zilizomo katika moshi wa sigara, kwa hiyo fungua mlango, toboa dirisha, au jenga jiko lenye bomba la kutolea moshi. Mwisho, meno. Watafiti wameona kwamba watu wenye meno mabovu na fizi zisizotunzwa hupata saratani hii zaidi. Mswaki wa asubuhi na wa jioni si wa urembo tu.

TUMBO NA MDUDU ASIYEONEKANA

Tushuke sasa hadi tumboni. Zamani iliaminiwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na pilipili. Ilifundishwa pia kwamba hakuna kiini kinachoweza kuishi tumboni, kwa sababu ya asidi. Huko Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walibisha. Walikuwa wameona bakteria wenye umbo la kujipinda katika matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwaamini. Basi mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika, na tumbo lake lilipopimwa likakutwa na mchochota. Mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori. Hospitalini utaona kwenye karatasi yako wameandika H. pylori. Yuko katika matumbo ya watu wengi sana Afrika, na wengi huambukizwa wakiwa watoto, hasa ndani ya nyumba, kupitia mate, matapishi, kinyesi na maji machafu. Hukaa kwenye utando wa tumbo na kuuchokoza mwaka baada ya mwaka. Wengi walio naye hawatapata shida kubwa. Baadhi hupata vidonda vya tumbo, na wachache hupata saratani ya tumbo. Mwaka 1994 aliorodheshwa rasmi kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu.

Habari njema ni kwamba bakteria anatibika. Dawa zake ni mchanganyiko wa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, na kwa kawaida humezwa kwa siku 10 hadi 14. Hapa ndipo wengi wetu huharibu kazi. Maumivu yakipungua siku ya nne, dawa zinazobaki huwekwa kabatini, au humegewa jirani anayelalamika tumbo. Bakteria aliyesalia hurudi akiwa sugu. Maliza dozi yote, hata kama umepona kabisa.

Kuna mambo mengine matatu ya kujua kuhusu tumbo. La kwanza ni vipimo. Kipimo cha haja kubwa au cha pumzi huonyesha kama bakteria yupo sasa. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha tu kwamba uliwahi kuambukizwa zamani. Muulize daktari unapimwa kwa njia gani, na umwambie kama unameza dawa za asidi au antibiotiki, kwa sababu zinaweza kuficha bakteria. Baada ya matibabu, kipimo cha kuhakikisha kwamba umepona hufanywa angalau wiki 4 baada ya kumaliza dawa.

La pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutoboa vidonda tumboni zikimezwa kila mara bila ushauri. Usimpe bibi tembe za magoti kutoka duka la dawa mwezi baada ya mwezi bila daktari kujua. Na usizoee kunyamazisha maumivu ya tumbo kwa dawa za kiungulia kila wiki. Dawa hizo hutuliza, lakini zinaweza kuchelewesha kugunduliwa kwa jambo kubwa. Kiungulia kinachorudi kila wiki kinahitaji kuchunguzwa, kwa sababu asidi inayopanda huumiza sehemu ya chini ya umio.

La tatu ni usafi na chumvi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika. Chemsha au tibu maji ya kunywa. Usimtafunie mtoto chakula mdomoni mwako. Kiponde kwa kijiko au uma. Punguza vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi, kama samaki wa chumvi, na usiongeze chumvi mezani. Chumvi nyingi huudhi utando wa tumbo na kumsaidia bakteria.

UTUMBO MPANA

Tumefika chini, kwenye utumbo mpana. Saratani ya hapa huhusishwa na maisha ya mjini, lakini sasa haichagui. Mwezi Julai 2019 Kenya ilimpoteza Mheshimiwa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa bado kijana. Kabla ya kufariki alijitokeza hadharani na kusema kwamba saratani yake ilikuwa imefikia hatua ya nne. Ujasiri wake uliwafanya Wakenya wengi wazungumze jambo ambalo tulikuwa tunalionea haya.

Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wengi, na wengi wao ni marafiki. Chakula chao ni nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya mboga, maharagwe, matunda na nafaka isiyokobolewa, ambayo sisi hatuwezi kuyasaga. Wakiyala, hutengeneza kemikali zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza mchochota. Ukiwanyima, ukuta hubaki bila mlinzi. Kwa hiyo githeri ya mahindi na maharagwe, sukuma wiki, managu, terere, ndengu, viazi vitamu na ugali wa wimbi au mtama si vyakula vya umaskini. Ni kinga.

Kwa upande mwingine, mwaka 2015 nyama iliyosindikwa, kama soseji, bekoni na zile smokie zinazouzwa kando ya barabara, iliorodheshwa kuwa chanzo cha saratani ya utumbo mpana. Ilikadiriwa kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Smokie moja ya sikukuu haitamuua mtoto. Lakini ikiwa ndiyo chakula chake cha saa kumi kila siku ya shule, badilisha. Yai la kuchemsha, ndizi au kiazi kitamu kitamfaa zaidi. Unene wa tumbo nao huleta mchochota mwilini mzima, kwa sababu mafuta yaliyozunguka matumbo hutoa kemikali za kuchochea. Kutembea kwa miguu, kulima na kupunguza soda husaidia.

Saratani nyingi za hapa huanza kama vinyama vidogo vinavyoota ukutani na kukaa miaka kabla ya kubadilika. Vikionekana mapema, daktari huviondoa na saratani haitokei. Ndiyo maana kuanzia umri wa miaka 45 ni vyema kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha kutafuta damu iliyojificha katika haja kubwa. Kama mzazi au ndugu yako wa karibu amewahi kuugua saratani hii, uliza mapema zaidi.

TAZAMA SAHANI

Mama na mlezi, sasa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Wagonjwa wengi wa saratani ya umio hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Si kwa sababu hawakuwa na dalili. Ni kwa sababu mrija ule hupanuka, na mtu anaweza kuendelea kula hadi nafasi iwe imebana sana. Naye hujirekebisha kimya kimya. Kwanza nyama inamkwama, anaacha nyama. Kisha ugali unahitaji maji kila tonge. Halafu anasema siku hizi anapenda wali laini. Mwisho anaomba uji tu, na nguo zinaanza kumlegea.

Yeye mwenyewe atakwambia hana shida. Wanaume wetu hasa hawasemi. Lakini wewe unayepakua chakula na kuosha sahani utaona. Nyama imebaki. Maji yameongezeka mezani. Ugali umerudi nusu. Sahani inasema kabla mwenyewe hajasema. Ukiona hivyo kwa wiki mbili, usingoje ya tatu. Mpeleke hospitali, awe na miaka 70 au 25.

Dalili nyingine za kukupeleka kwa daktari ni hizi: maumivu ya tumbo yanayorudi licha ya dawa, kushiba upesi baada ya kula kidogo, kutapika damu, haja kubwa nyeusi kama lami au yenye damu, kubadilika kwa choo, kama kuhara au kufunga kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, na upungufu wa damu usioeleweka. Damu katika choo usiiite bawasiri mpaka daktari aseme ni bawasiri.

Huko hospitali mgonjwa anaweza kutumwa kufanyiwa endoskopi. Hiyo ni kamera ndogo kwenye mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Daktari huona utando wenyewe, na akitilia shaka mahali hukata kipande kidogo kwenda kupimwa. Si upasuaji. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama kituo cha afya chenu hakina kifaa hicho, omba barua ya kwenda hospitali kubwa ya kaunti. Na usisubiri ugonjwa ndipo ujiandikishe. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisha kwamba kila mtu nyumbani ameandikishwa, na uulize mapema ni huduma gani zinazolipiwa.

MASWALI AMBAYO WENGI HUULIZA

Je, saratani hizi huambukiza? Saratani yenyewe haiambukizi. Kula na mgonjwa, mwoshee nguo, mkumbatie. Bakteria wa tumbo ndiye anayeweza kuenea, na usafi humzuia.

Je, familia ikiwa na wagonjwa wawili, ni laana au uchawi? Hapana. Watu wa nyumba moja hunywa chai ya sufuria moja, huvuta moshi wa jiko moja, na huambukizana bakteria wakiwa wadogo. Pia hurithi damu moja. Badala ya kutafuta aliyeroga, mwambieni daktari kwamba kuna ndugu aliyeugua.

Je, tangawizi, manjano na vitunguu saumu vinatibu? Ni viungo vizuri vya chakula, tumia. Lakini havimuui bakteria wa tumbo na kumwondoa kabisa, wala haviponyi saratani. Mgonjwa anayetumia miezi sita kwa dawa za unga za sokoni anapoteza miezi sita ambayo daktari angeitumia kumwokoa.

Je, mursik ni mbaya? Watafiti wamekuta asetaldehaidi katika baadhi ya mursik waliyoipima, lakini haijathibitishwa kwamba ndiyo inayoleta saratani ya umio. Usafi wa kibuyu ni muhimu. Lakini ukitaka pa kuanzia, anza na yale yaliyo na ushahidi mkubwa zaidi: moto wa chai, pombe na tumbaku.

YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Chai na uji vingoje dakika 5 au zaidi baada ya kumiminwa.

Pombe na tumbaku za kila aina ziachwe. Asiyeweza peke yake asaidiwe, asitukanwe.

Dawa za vidonda vya tumbo zimalizwe zote, na dawa za maumivu zisizoeleke.

Sahani iwe na mboga, matunda, maharagwe na nafaka isiyokobolewa. Chumvi na nyama iliyosindikwa vipungue.

Anayekwamwa na chakula kwa wiki mbili aende hospitali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, mgeni hukaribishwa kwa chai ya namna gani? Tunawezaje kuheshimu mgeni bila kumuunguza?

2. Ni nani nyumbani kwako humeza dawa za maumivu au za kiungulia kila wiki? Daktari anajua?

3. Ukimwona baba au bibi ameacha kula nyama na ugali, utamwambia nini ili akubali kwenda hospitali?

Mpenzi msikilizaji, hatuwezi kuzuia kila ugonjwa. Lakini kidonda kinachopewa nafasi hupona, na nafasi hiyo mara nyingi iko mikononi mwako wewe unayewasha jiko. Jioni ya leo ukimimina chai, iweke mezani, waulize watoto habari za shule, na mzungumze kidogo kabla hamjainua vikombe.